Pointi Moja ya Lagos

Vijana, toeni daftari na kalamu. Jedwali la mpira ni hesabu kama hesabu nyingine, nalo huweza kumdanganya msomaji mvivu. Leo natumia lile la Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1980, ambalo Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza.

Mashindano yalifanyika Nigeria mwezi Machi. Ziliingia timu 8 tu kwa Afrika nzima. Wenyeji Nigeria, na Ghana waliokuwa wakilishikilia kombe, walipita moja kwa moja; zikabaki nafasi 6 za kugombewa. Taifa Stars waliipata yao Agosti 1979, miezi michache baada ya vita vya Kagera. Nyumbani waliifunga Zambia 1–0, na kule Ndola wakatoka 1–1 kwa bao la Peter Tino.

Haya, twende Lagos. Nigeria walitufunga 3–1, Misri wakatufunga 2–1, kisha tukatoka 1–1 na Kodivaa. Wakati ule ushindi ulikuwa pointi 2, na sare pointi 1. Andikeni: Nigeria 5, Misri 4, Kodivaa 2, Tanzania 1. Tulifunga mabao 3, tukafungwa 6. Bara hapakuwa na televisheni, basi aliyetaka habari alitega sikio redioni.

Kidato cha Pili wangu hufunga daftari hapa. Nawaambia bado. Pigeni mstari katikati ya kila mchezo, mtenge kipindi cha kwanza na cha pili.

Katika mabao 6 tuliyofungwa, 5 yaliingia kipindi cha kwanza. Mabao yetu 3, la Juma Mkambi kwa Nigeria na mawili ya Thuwein Ally, yote yalipatikana kipindi cha pili. Kwa hiyo vipindi vya pili peke yake vinasomeka hivi: Nigeria 1–1, Misri 1–0 kwetu, Kodivaa 1–0 kwetu. Jumlisheni pointi. Ni 5, sawa na za Nigeria waliochukua kombe!

Atasema mtu kwamba mpira ni dakika 90. Ni kweli, na pointi yetu inabaki 1. Lakini timu dhaifu au iliyochoka haifungi namna hiyo baada ya mapumziko. Mimi naona vijana wale walichelewa kuyazoea mashindano mageni kwao, na kila walipoyazoea deni lilikuwa limekwisha kuwa kubwa.

Tulirudi kwenye kombe hilo baada ya miaka 39, nchini Misri, timu zikiwa 24.

Zoezi: Mwaka 2019 tulifungwa na Senegal 2–0, Kenya 3–2, na Algeria 3–0. Tafuteni dakika za mabao, mzigawe kwa vipindi. Anzeni na mchezo wa Kenya, ambao tulikwenda mapumziko tukiongoza 2–1.