Dondoo muhimu: Kumnyoa farasi wa kazi wakati wa baridi

Nchini Uingereza, farasi mwenye manyoya mazito hulowa jasho kazini, kisha baridi humpiga kabla hajakauka. Mnyoe kulingana na kazi yake.

1. Angalia kwanza sehemu anazotoka jasho. Ukiwa na shaka, nyoa kidogo.
2. Kazi nyepesi: chini ya shingo, kifua na tumbo panatosha.
3. Kazi nzito ya kila siku: nyoa mwili, bakiza miguu na mahali pa tandiko.
4. Usinyoe farasi mchafu au mwenye unyevu.
5. Gusa meno ya mashine ya kunyolea mara kwa mara; yakipata moto, pumzisha. Wengi husahau, na farasi aliyeunguzwa huweza kuiogopa mashine siku zote.
6. Sharubu usiziguse kabisa: ndizo anazopapasia.
7. Andaa blanketi la kumfunika farasi kabla hujawasha mashine.