Somo kwa Vyama vya Msingi: Uji wa Shule Hupangwa Ghalani

Somo hili limeandaliwa kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi vya mazao. Lisomwe katika kikundi, sehemu moja baada ya nyingine, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya mkutano mkuu utakaotangulia mavuno.

1. Kwa nini chama kishughulike na uji wa shule

Chitete ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Huko mvua ni za msimu mmoja: huanza kunyesha mwezi wa Novemba na kukoma Aprili. Mahindi, karanga, maharage na ufuta huvunwa kati ya Mei na Julai. Mwaka wa shule, kwa upande wake, huanza Januari. Kwa hiyo mtoto anayeingia darasa la kwanza huanza masomo katikati ya masika, wakati akiba ya nyumbani imepungua na wazazi wamo katika palizi. Mtoto huyo aghalabu huondoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani, na saa nne asubuhi hutazamiwa awe anasoma na kuhesabu.

Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, chakula cha wanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa wajibu wa wazazi na jamii. Katika kijiji cha wakulima, wazazi hao hao ndio wanachama wa ushirika. Aidha, misingi ya ushirika iliyopitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika huko Manchester mwaka 1995 iliongeza msingi wa saba, yaani kujali jamii. Chama kinachopokea mazao ya kijiji kizima, chenye mizani na ghala, kina uwezo ambao kamati ya shule peke yake haina.

Wazo la kuwafundisha wakulima habari za lishe si geni nchini. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Lakini kazi haijakwisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 3 wamedumaa. Watoto hao ndio wanaofika darasani baada ya miaka michache.

2. Kujaza tumbo si kulisha mwili

Uji unaopikwa katika shule nyingi ni wa unga wa sembe na sukari. Uji huo hutuliza njaa kwa muda mfupi, lakini haujengi mwili. Mahindi yanapokobolewa, kiini na ganda huondolewa, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya mafuta, vitamini na madini. Kinachobaki ni wanga. Dona huhifadhi vitu hivyo, kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuboresha uji haigharimu hata senti moja: mahindi ya shule yasikobolewe.

Hatua ya pili ni kuongeza chakula cha jamii ya kunde na mbegu za mafuta. Protini ya mahindi ina upungufu ambao protini ya kunde huukamilisha. Ndiyo maana mahindi na maharage yakiliwa pamoja humfaa mtoto kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake. Karanga na ufuta huongeza mafuta, nayo mafuta hutoa nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Jambo hili ni muhimu kwa sababu tumbo la mtoto wa miaka saba ni dogo. Hawezi kunywa vikombe vitano vya uji mwepesi ili apate nguvu anayoihitaji.

Hatua ya tatu ni matunda na mboga. Papai, embe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa humpatia mtoto vitamini A. Machungwa na mapera yana vitamini C, ambayo husaidia mwili kutumia madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde. Chai ya rangi hufanya kinyume: hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Kwa hiyo chai isiwe kinywaji cha kuambatana na mlo wa shule.

3. Kipimo cha mtoto mmoja

Programu nyingi za chakula shuleni hulenga kwamba, mahali ambapo wanafunzi husoma nusu siku, mlo wa shule utoe kati ya asilimia 30 na 45 ya mahitaji ya siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji wastani wa kilokalori 1,850 kwa siku. Mlo wa asubuhi basi usipungue kilokalori 555. Kipimo kifuatacho kinafikia lengo hilo kwa mazao yanayolimwa na wakulima wenyewe:

Unga wa dona, gramu 80: kilokalori 288, protini gramu 7.
Karanga zilizokaangwa na kusagwa, gramu 25: kilokalori 142, protini gramu 6.
Unga wa soya iliyokaangwa, gramu 20: kilokalori 89, protini gramu 7.
Sukari, gramu 10: kilokalori 40.
Jumla: kilokalori 559, protini gramu 20.

Linganisha na uji wa sembe gramu 60 na sukari gramu 15. Huo hutoa kilokalori zipatazo 275 na protini isiyozidi gramu 5. Watoto wawili wanaweza kushika vikombe vinavyofanana kwa nje, na mmoja akapata nusu ya nguvu na robo ya protini anayoipata mwenzake.

Soya isisagwe ikiwa mbichi, kwani ina vitu vinavyozuia protini isiyeyushwe tumboni. Ni lazima ikaangwe vizuri au ichemshwe kwanza. Uji ukiwa mzito mno, unga kidogo wa kimea cha ulezi huulainisha bila kulazimu kuongeza maji. Chumvi itumikayo iwe yenye madini joto. Walimu wawaulize wazazi kama kuna mtoto anayedhurika kwa karanga au soya, ili apikiwe mbali.

4. Ratiba ya wiki

Chakula kile kile kila siku huchosha, na mtoto aliyechoka na chakula hukiacha. Ratiba inaweza kubadilika bila kuvuruga hesabu ya ghala, ikiwa kipimo cha nafaka kitabaki gramu 80:

Jumatatu: uji wa dona, karanga na soya, tunda la msimu.
Jumanne: uji wa ulezi, karanga na soya.
Jumatano: uji wa dona na soya, pamoja na ufuta badala ya karanga, papai au tunda jingine.
Alhamisi: uji wa mtama, karanga na soya.
Ijumaa: uji wa dona uliochachushwa, karanga na soya, tunda la msimu.

Kuchachusha uji ni ujuzi wa zamani wa akina mama, na una faida ya kulegeza madini yaliyofungwa ndani ya nafaka. Msimu wa viazi vitamu ukifika, viazi vya kuchemsha viongezwe. Maziwa yakipatikana kijijini, yachemshwe na kutiwa katika uji. Lakini ratiba isijengwe juu ya kitu kisicho na uhakika. Kenya ilianza kugawa maziwa ya Nyayo katika shule za msingi mwaka 1979, na watoto wengi walinufaika. Mpango huo ulififia katika miaka ya 1990. Chakula kinachotegemea bajeti ya mbali huweza kukatika. Kilichomo katika ghala la kijiji huonekana kwa macho na kuhesabika.

5. Hesabu ya ghala

Hapa ndipo kazi ya katibu ilipo. Mfano uchukuliwe wa shule yenye wanafunzi 300 na siku zipatazo 190 za masomo kwa mwaka. Gramu 80 kwa wanafunzi 300 kwa siku 190 ni kilo 4,560 za nafaka. Kwa njia hiyo hiyo, karanga ni kilo 1,425 na soya ni kilo 1,140. Ikiongezwa takribani asilimia 5 kwa ajili ya pepeta, wadudu na upungufu wa mizani, mahitaji ni haya:

Nafaka: kilo 4,800, yaani magunia 48 ya kilo 100.
Karanga zilizomenywa: kilo 1,500.
Soya: kilo 1,200.

Hesabu hiyo ikigawanywa kwa mwanafunzi mmoja, ni kilo 16 za nafaka, kilo 5 za karanga na kilo 4 za soya kwa mwaka mzima. Kilo 16 za mahindi ni takribani debe moja. Mzazi akiambiwa magunia 48 hushtuka. Akiambiwa debe moja la mahindi, pamoja na kiasi hicho cha karanga na soya, hujua mara moja kama anaweza au hawezi. Sukari, kilo 570 kwa mwaka, haina budi kununuliwa, na fedha yake itengwe mapema.

Jambo la kukumbukwa kuliko yote ni majira. Mwaka wa uji uanze Julai, usianze Januari. Mchango ukidaiwa Januari, mkulima hana cha kutoa ila fedha, na fedha ya mavuno imekwisha tumika. Ukidaiwa wakati wa mavuno, hukatwa katika mzigo anaouleta ghalani, naye hupewa stakabadhi yake siku hiyo hiyo. Malori ya wafanyabiashara yanayopakia mahindi kuelekea Tunduma na mpakani hayasubiri. Shule isipopata fungu lake kabla ya biashara, itapata masalia.

6. Mazao ya shule yasiwe masalia

Iko tabia ya kuuza punje nzuri na kuiachia shule zile zilizobunguliwa au kuota ukungu, kwa kudhani kwamba kupika kutaziponya. Tabia hiyo ni ya hatari. Ukungu katika mahindi na karanga huweza kuzaa sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafariki. Sumu ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu haionekani, lakini hudhuru ini.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya nafaka huoza isipokaushwa. Mpokeaji wa mazao afuate hatua hizi:

Kwanza, mazao yakaushwe juu ya turubai au kichanja, yasianikwe juu ya ardhi tupu. Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5.

Pili, mahali pasipo na kipima unyevu, itumike chupa kavu ya kioo. Punje na chumvi kavu hutiwa ndani na kutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani.

Tatu, punje zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizovunjika zichambuliwe na kutupwa. Zisipewe mifugo.

Nne, magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Karanga zihifadhiwe na maganda yake na kumenywa kwa kadiri ya matumizi.

Tano, unga wenye karanga au soya usagwe kwa matumizi ya wiki chache tu, kwa kuwa mafuta yake huchacha.

7. Taratibu za katibu

Mpango upitishwe na mkutano mkuu na uandikwe katika kumbukumbu. Chama na kamati ya shule viwekeane mkataba wa maandishi unaotaja kiasi, ubora na tarehe za kukabidhi. Daftari la ghala la shule liwe mbali na daftari la biashara ya chama. Kila gunia linalotoka litiwe saini na watu wawili, mtunza ghala na mwakilishi wa shule, na mizania isomwe hadharani kila muhula.

Kijijini wapo pia wajane, wazee wanaolea wajukuu na wazazi ambao mavuno yao yameharibika. Mkutano uamue mapema ni sehemu gani ya ziada itakayowafidia watoto wa nyumba hizo. Jina la mtoto asiyechangiwa lisisomwe mbele ya wenzake, wala asisimamishwe kando wakati wengine wanakunywa. Mtoto hana shamba wala mizani. Deni la mzazi lijadiliwe na mzazi. Chama kinachoweka akiba ili mtoto mmoja asinyimwe kikombe kitakuwa kimeuelewa ushirika kuliko chama chenye ghala kubwa na mlango uliofungwa.

Maswali ya majadiliano

1. Shule iliyo karibu na chama ina wanafunzi wangapi, na itahitaji kilo ngapi za nafaka, karanga na soya tangu Julai ijayo?
2. Ni zao gani katika orodha hiyo halilimwi vya kutosha na wanachama? Ni nani atakayelilima msimu ujao, na mbegu zitatoka wapi?
3. Nani atapima unyevu wa mazao ya shule, na atakuwa na mamlaka gani ya kuyakataa?
4. Chama kitatenga kiasi gani kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawawezi kuchangia?