Nyasi ya mkuki: chimba kwanza, moto baadaye

Wandugu wa koperative za Kasongo na Kabambare, mnaijua ile nyasi inayotoa maua meupe kama pamba na kuchoma nyayo wakati wa kupalilia. Wazimba wana jina lake, Wabangubangu wana lao, Wakusu vilevile. Wataalamu wanaiita Imperata cylindrica. Sisi hapa tutasema nyasi ya mkuki, juu ya ncha zake.

Tunaizungumzia sasa, mbele ya mvua za Septemba, kwa sababu ndiyo inafukuza watu katika mashamba yao. Mtu analima mpunga, kisha muhogo, halafu nyasi inakuwa mwenye shamba. Anaacha, anakwenda kukata msitu mbali zaidi, na ni mama anayetembea ile njia na mtoto mgongoni.

Namna ya kuitambua: nyasi changa zinafanana, basi usiamini macho tu. Shika jani moja. Ule mstari mweupe hauko katikati kabisa, umeegemea upande mmoja, na kando za jani zinakwaruza kidole. Kisha chimba. Utakuta kamba nyeupe ngumu, zenye vifundo kama muwa mdogo na ncha kama sindano. Ncha hizo zinapenya hata ndani ya muhogo, na pale palipotoboka kuoza kunaingia.

Kuna nyasi nyingine ndefu katika mpunga, yenye vinyweleo vinavyowasha ngozi. Hiyo haina kamba chini, inaishi kwa mbegu. Ipalilie kabla haijazaa, basi. Ndiyo maana tunasema chimba kwanza: dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Wengi wanachoma. Moto unamaliza majani, lakini kamba zimelala ndani ya udongo, nyingi katika sentimita 20 za juu, na joto haliziui. Baada ya siku chache shamba ni kijani tena. Tena moto unaamsha maua, mbegu zinaruka na upepo mpaka kwa jirani, na miti midogo ambayo ingeleta kivuli inakufa. Kufyeka mara moja na panga ni karibu sawasawa.

Kama mahali ni padogo, lima kwa kina wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti. Geuza mabonge, acha kamba zikauke juani, kisha okota zote. Kazi hii ni nzito, hatutaificha. Lakini usizikatekate katika udongo wenye maji: kipande kidogo chenye vifundo viwili kinaweza kuota. Usizitupe pembeni ya shamba pia. Zikusanye, na zikikauka kabisa, hapo moto una kazi.

Kwa shamba kubwa, tumieni kivuli, kwa maana nyasi ya mkuki haikipendi. Kusini mwa Benin, tangu mwisho wa miaka ya 1980, wakulima wengi walipanda mukuna, maharagwe yanayotambaa, na wakarudisha mashamba waliyokuwa wameyaacha. Mvua zikianza, fyeka chini kabisa, panda mbegu 2 kwa shimo, sentimita 80 kati ya mistari na 40 ndani ya mstari. Nyasi ikichomoza tena, fyeka mara moja ao mbili mpaka mukuna ifunike.

Bei yake ni hii: msimu ule sehemu hiyo haitoi chakula. Mbegu za mukuna si za kupika kama maharagwe ya kawaida, zinaweza kudhuru mtu. Kwa hiyo anza na robo ya shamba. Anayetaka mahindi apande mahindi kwanza, mukuna aiingize baada ya wiki 6, la sivyo itayapanda na kuyaangusha.

Dawa ya glifosati inaua mpaka kwenye kamba kama majani ni mabichi na yanakua, lakini inaua mpunga vilevile, na inahitaji nguo za kujikinga ambazo wengi hawana. Sisi tungeanza na jembe na mukuna.

Jambo moja linahitaji koperative nzima. Kiangazi kikija, mukuna inakauka na kushika moto haraka. Safisha njia pana kuzunguka shamba, na wamemba wapatane na majirani siku ya kuchoma. Mwenye kuvuna mbegu za mukuna aweke kando kilo chache kwa ajili ya memba atakayeanza msimu unaofuata.