Mtoto wa Nne

JUMATANO

Kutoka Masasi hadi Newala, msimu wa korosho kila mkono huhesabiwa. Baba mmoja huko Newala aliniambia ana watoto watatu: mmoja anaokota, mmoja anatenganisha korosho na mabibo, mmoja anaanika. Mkewe akainama, kisha akasema taratibu, "Wanne, mwalimu." Wa nne alikuwa ndani, amelala mkekani, hatembei wala hasemi. Nilikuwa nimefika nyumba ile mara mbili kabla ya siku hiyo, wala sikuwahi kuuliza.

Soma 2 Samweli 4:4 na 9:1-13. Daudi alimtafuta Mefiboshethi kwa sababu gani?

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka 5 yaya wake alipokimbia naye, akaanguka. Ulemavu wake haukuwa adhabu (linganisha Yohana 9:1-3). Daudi hakuuliza anaweza kazi gani. Kwa ajili ya Yonathani alimrudishia mashamba ya Sauli na kumpa nafasi ya kudumu mezani pake. Angalia fungu la 13: sura inafungwa, naye bado ni mlemavu wa miguu yote miwili. Meza haikungoja apone.

Soma Mwanzo 1:26–2:3. Siku ya kwanza kamili ya Adamu na Hawa ilikuwa siku gani?

Waliumbwa siku ya sita; kulipokucha kesho yake ilikuwa Sabato. Walipumzika pamoja na Mungu kabla hawajalima hata tuta moja. Thamani yao ilitangulia kazi yao. Kwa hiyo kila Sabato mwokotaji hodari na mtoto asiyeweza kuinua mkono wanakaribishwa kwa neema ileile.

Lakini je, mama wa mtoto huyo anaisikia habari hii? Katika uwanda wa Makonde maji yamekuwa taabu kwa miaka mingi. Akienda kuteka maji, nani anabaki na mtoto? Akitaka kuja kanisani, nani anamsaidia kumbeba? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia mtoto huyu haki ya elimu na afya. Kanisa lisiwe nyuma ya sheria.

Tafakari: Katika eneo la kanisa lako, ni mtoto gani hajaandikwa kwenye rejista ya Shule ya Sabato kwa sababu hakuna aliyeuliza habari zake? Darasani mwenu, pangeni nani atakwenda kwao wiki hii, na nani atakaa naye ili mama yake apumzike.