Nyumbani hakuna friji: insulini utaiweka wapi?

Muuguzi amekwambia mtoto wako ana kisukari, na tangu leo atadungwa insulini kila siku. Umerudi Kasugho, huku Lubero, na chupa ndogo ya insulini mkononi, na nyumbani hakuna friji. Usiogope, njia ipo.

Insulini ni nini? Ni kemikali ya mwili inayotoka kwenye kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ndiyo inayoifungulia sukari mlango itoke kwenye damu iingie kwenye seli za mwili. Ikikosekana, sukari hujaa kwenye damu, mtoto hukojoa sana, hukonda, na kiu haimwishi. Zamani watoto hao walikufa tu. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson wa miaka 14 alidungwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi waliuza haki yao kwa dola moja moja ili dawa ienee. Kwa hiyo inaniuma kuona mzazi wa Lubero akishindwa na bei.

Gharama je? Kabla hujatoka hospitalini Butembo au Lubero, uliza bei ya vitu vitatu: chupa, sindano na vijiti vya kupimia sukari. Bei hutofautiana, basi uliza hata mahali pawili. Chupa ikiandikwa 100, sindano nayo iwe ya 100, la sivyo kipimo kitakosewa.

Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Omba kituo cha afya kikutunzie kwenye friji yao. Iliyofunguliwa weka nyumbani, wiki nne, kisha itupe. Katika kambi ya Dadaab, Kenya, kwenye joto la digrii 25 hadi 37, watafiti waliona insulini ikibaki na nguvu kwa wiki hizo nne. Milima yetu ina baridi kuliko huko.

Ili chupa hiyo ibaki na ubaridi nyumbani, chukua vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga uliolowa. Funga chupa kwenye mfuko mkavu, itie ndani, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo, mbali na jiko. Mwagilia mchanga asubuhi na jioni. Insulini iliyoganda kwa barafu usiitumie. Ile iliyo angavu kama maji ikiingia ukungu, itupe pia.

Mtoto akitetemeka na kutoka jasho baada ya sindano, sukari imeshuka: mpe mara moja vijiko vitatu vidogo vya chai vya sukari ndani ya maji, kisha chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize kituoni. Na mkilazimika kuhama kwa vita, chupa na sindano zitangulie kuingia mfukoni, kabla ya sufuria.