Ziwa Mlangoni, Ndoo Tupu

*Hapa Kigongo ziwa tunaliona, lakini maji ya mgawo hayafiki kwetu mlimani. Waosha magari na wenye pampu huyamaliza. Tufanyeje?*
*Msomaji, Kigongo*

Mtaalamu wetu anamwondoa hofu: majirani hao huenda si wachoyo. Kila mmoja anaogopa mwenzake atawahi, basi anawahi yeye. Nadharia ya michezo huuita mtego huo mtanziko wa wafungwa.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alionyesha kuwa mtego huteguka watumiaji wakijitungia kanuni, wakaangaliana, na faini ikaanza ndogo.

Wakubaliane zamu, wa mlimani watangulie kwa kuwa presha huko ni hafifu. Daftari la zamu likae wazi kwenye kioski cha maji. Pampu inayonyonya bomba moja kwa moja iripotiwe kwa mamlaka ya maji; ikishindikana, kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.