SOMO: UGONJWA WA MUDA MREFU NA KAZI



Wengi wetu tunaishi kambini, lakini riziki tunaitafuta Kigali. Mama mmoja mwenzetu ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Ana ugonjwa wa sukari. Alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni mjini, na ugonjwa aliuficha kwa kuogopa kufukuzwa. Siku moja alizidiwa, akapanda gari Nyabugogo, akarudi kambini kwa watoto wake. Alilala siku tisa bila kumpelekea bosi habari. Aliporudi, alimkuta mtu mwingine kwenye kazi yake. Akasema, "Nilikuwa mgonjwa." Bosi akamwuliza, "Karatasi iko wapi?" Hakuwa nayo.

Mama huyu si mvivu wala mwongo. Alikosa vitu viwili tu: kutoa habari mapema, na karatasi ya daktari.

Sheria inasemaje?

Mkimbizi ana haki ya kufanya kazi Rwanda, na sheria ya kazi ya 2018 inamhusu kama wengine. Kwa cheti cha daktari anayetambuliwa, mfanyakazi anaweza kupata likizo ya ugonjwa isiyozidi siku 15. Ugonjwa ukiwa mzito, kamati ya madaktari inaweza kumpa likizo ndefu isiyozidi miezi 6. Miezi 3 ya kwanza analipwa mshahara. Miezi 3 inayofuata halipwi. Ikipita miezi 6 naye bado hawezi kazi, mwajiri anaweza kuvunja mkataba. Haki ya likizo inawahusu hata wale wanaofanya kazi zisizo rasmi.

Ufanye nini ukizidiwa?

1. Toa habari siku ileile. Piga simu, au mtume ndugu au mfanyakazi mwenzako. Usingoje upone.

2. Nenda kutibiwa, na kabla ya kutoka omba karatasi ya mapumziko, ile tunayoiita "repo". Sheria inataja daktari. Kama umeonwa na muuguzi tu, mwulize namna ya kupelekwa kwa daktari. Hakikisha karatasi ina jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, sahihi na muhuri.

3. Toa nakala. Moja mpe mwajiri, nyingine ibaki kwako. Mwombe anayepokea atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako.

4. Siku zikikaribia kwisha na hujapona, rudi kwa daktari kabla hazijaisha. Karatasi iliyokwisha haikulindi.

Barua iwe fupi. Kwa mfano: "Mimi fulani, mfanyakazi wa usafi, ninaomba likizo ya ugonjwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, kama daktari alivyoandika. Karatasi yake nimeiambatanisha." Kama mwajiri hasomi Kiswahili, tafuta mtu wa kukuandikia kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza.

Je, ni lazima nitaje ugonjwa wangu?

Jambo kubwa ambalo mwajiri anahitaji kujua ni kwamba huwezi kufanya kazi, na kwa muda gani. Kuhusu virusi vya UKIMWI, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 2010 kwamba mfanyakazi asilazimishwe kupimwa wala kueleza hali yake. Lakini kwa sukari, kifafa au pumu, mwambie angalau mwenzako mmoja unayemwamini. Ukianguka, ajue la kufanya.

Likizo inaisha, ugonjwa hauishi

Sukari na shinikizo la damu ni magonjwa ya maisha. Kwa hiyo mpe bosi siku zako za kliniki mapema, na uliza kama kuna kazi nyepesi. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Na usirudi kazini kabla ya siku ulizopewa kwa kuogopa njaa ya wiki moja. Ukianguka tena, njaa itakuwa ya miezi.

Mkishindwa kuelewana

Anza na mwakilishi wa wafakazi kama yupo. Ikishindikana, nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya ulipofanyia kazi. Beba kitambulisho, mkataba kama unao, karatasi za daktari na nakala iliyotiwa sahihi. Neno la mdomo hupotea njiani, karatasi hufika.

Mama yule sasa anafua mahali pengine. Wiki ya kwanza tu alimwonyesha bosi kadi yake ya kliniki. Bosi aliitazama, akaandika tarehe ukutani.

Maswali ya kujadiliana na jirani

- Leo ukizidiwa ukiwa Kigali, nani atampigia bosi wako simu?
- Karatasi zako za hospitali unaziweka wapi?
- Kwa nini tunaficha ugonjwa, na nani anaumia?